Kutoka Mirongo hadi mkataba: mwongozo kwa binti anayetaka kuishi kwa mpira wa kikapu

Kila wiki kuna binti ananisubiri kando ya uwanja, begi mgongoni, swali mdomoni: "Dada, nifanyeje ili nicheze kikapu cha kulipwa?" Akiondoka yeye, anakuja mama yake: "Mwanangu anasema huu mpira una hela. Ni kweli, au anakwepa kuosha vyombo?" Maswali ni yale yale na majibu yangu ni yale yale, ila sauti ndiyo inanikauka. Nimeyaandika hapa mara moja. Yasome yote, kisha uje uniulize lile ambalo halimo.

Nachukulia una miaka kati ya 12 na 19, unaishi Mwanza au popote kando ya Ziwa, iwe Musoma, Bukoba, Sengerema au Ukerewe, na huna mjomba Marekani. Kama unaye, msalimie, lakini hatua ni hizi hizi.

Tuanze na hesabu ili tusidanganyane. WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani iliyocheza msimu wake wa kwanza mwaka 1997, ilikuwa na timu 13 mwaka 2025, na kila timu ilisajili wachezaji wasiozidi 12. Hizo zilikuwa nafasi 156 kwa dunia nzima. Daladala saba za Igoma, zikijazwa jinsi makonda wetu wanavyojaza, hubeba watu zaidi ya hao. Ndiyo maana sitakufundisha "namna ya kwenda WNBA". Nitakufundisha namna ya kuishi kwa kikapu: kusomeshwa nacho, kuajiriwa kwa ajili yake, au kulipwa mshahara na klabu. Huko nafasi ni nyingi zaidi. Na mabinti wa huku nimewaona wakizikosa kwa mambo mawili ambayo hayahusiani na kipaji: mkono wa kushoto na makaratasi.

Wala usikubali kuambiwa kwamba haya si mambo yetu. Mwadi Mabika wa Kinshasa alicheza Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 akiwa na timu ya Zaire, mwaka uliofuata akawa Los Angeles Sparks, na akatwaa ubingwa wa WNBA mwaka 2001 na 2002. Hamchétou Maïga-Ba wa Mali alipitia chuo kikuu cha Old Dominion, akawa bingwa na Sacramento Monarchs mwaka 2005. Nigeria, kwenye Olimpiki ya Paris 2024, iliifunga Australia, ikaifunga Kanada, na ikawa timu ya kwanza ya kikapu kutoka Afrika, ya wanaume au ya wanawake, kufika robo fainali. Kwa upande wetu, Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akapita chuo cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa namba mbili na Memphis Grizzlies, siku timu za NBA, ligi ya wanaume ya Marekani, zinapogawana chipukizi. Binti wa Kitanzania bado hatujamwona WNBA. Hicho kiti kipo wazi.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Mpira namba 6. Huo ndio wa wanawake, mzunguko wake ni sentimita 72 na kitu. Wa wanaume ni namba 7, na ukiuzoea huo kila mtupo wako utapita juu siku ya mechi. Chukua wa kuchezea nje. Ule laini wa ukumbini zege la huku litaumenya mwezi mmoja.
- Raba za kikapu. Mlango Mmoja zipo, za mitumba, nzuri tu. Kunja soli: ikigoma kabisa au gundi ikionekana imeachia, weka chini. Tazama mistari ya chini. Ikiwa imelainika kama kiganja, utateleza. Usinunue raba za kukimbilia zenye kisigino kirefu na laini. Zinakunja kifundo cha mguu.
- Sidiria ya michezo inayobana. Watu huona haya kuitaja, halafu binti anaacha kuruka kwa sababu anaumia.
- Daftari na kalamu.
- Chupa ya maji ya lita moja, maji yaliyochemshwa.
- Simu yenye kamera, hata ya kuazima Jumamosi moja kwa mwezi.
- Faili la plastiki lenye zipu. Ni la hatua ya 6. Linunue leo.
- Mtu mzima mmoja upande wako: mama, shangazi, mwalimu wa michezo, yeyote anayeweza kusaini fomu na kupokea simu.

Anayevaa hijabu asiwe na wasiwasi. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilibadilisha kanuni yake mwaka 2017 na kufunika kichwa kunaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni hereni, cheni na kucha ndefu.

Hatua

1. Nenda uwanjani kwa watu wanaokuzidi.

Kwa Mwanza mjini anza na uwanja wa Mirongo. Fika jioni, msalimie kocha, sema jina lako na shule yako, kaa utazame. Siku ya kwanza huenda usiguse mpira. Ya pili utaambiwa uokote mipira inayotoka nje. Okota. Ya tatu watapungukiwa mtu mmoja, na huyo mmoja ni wewe.

Kama eneo lako halina uwanja, ringi ya chuma yenye upana wa sentimita 45 kwa ndani, ikifungwa mita 3.05 kutoka ardhini, inatosha kuanzia. Pima kwa futi ya fundi, usikadirie. Nimeona ringi ya shule moja ikiwa chini kwa karibu kiganja kizima. Mabinti pale walikuwa mabingwa wa nyumbani, wakienda ugenini wanagonga chuma tu.

Cheza na wavulana pia, ila usikubali kugeuzwa mtu wa kutoa pasi tu mchezo mzima.

2. Jifunze kutua kabla ya kujifunza kuruka.

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo iliyomaliza wachezaji wengi wazuri niliowahi kucheza nao. Ndani ya goti kuna kano inayoitwa ACL. Wanawake huikata mara nyingi zaidi kuliko wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla. Ikikatika, mara nyingi ni upasuaji, na kurudi uwanjani ni miezi tisa au zaidi. Familia nyingi hazina fedha ya safari hiyo.

Mwanza imejaa mawe, yatumie. Tafuta jiwe bapa lisilozidi goti lako. Simama juu, dondoka chini kwa miguu miwili, kunja magoti na nyonga, tulia sekunde tatu. Magoti yaelekee vidole vya miguu. Yakiingia ndani na kugusana, hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mwambie mwenzako akurekodi kwa mbele, maana mwenyewe hutahisi. Fanya 10, pumzika, rudia mara tatu, siku tatu kwa wiki. Ukizoea, tua kwa mguu mmoja. Baada ya hapo ongeza kuchuchumaa, kuruka pembeni, na kupanda mlima kwa kutembea haraka. Milima tunayo bure.

*Kosa la kawaida:* kukimbia kilomita kumi kila asubuhi ukidhani unajenga pumzi. Mechi ni robo nne za dakika 10, na kila shambulizi lina sekunde 24. Kikapu ni mbio fupi nyingi. Kimbia urefu wa uwanja, mita 28, kwenda na kurudi kwa kasi yako yote, pumzika nusu dakika, rudia mara kumi.

3. Fundisha mkono wa kushoto.

Kila kocha wa ugenini akija kutazama wachezaji wetu, ndani ya dakika tano ameshajua: "Mzibeni kulia, kushoto hana." Kazi imeishia hapo. (Kama unatumia kushoto, geuza kila ninachosema.)

Kwa miezi mitatu fanya hivi, siku tano kwa wiki:

a) Dunda mpira kwa kushoto kutoka nyumbani hadi uwanjani, macho mbele. Barabarani ushike mkononi, bodaboda hawana breki za kukusubiri.

b) Leyapu (kukimbilia ringi, kuruka na kuuweka mpira kwa mkono mmoja) 100 zilizoingia, 50 kila upande. Usihesabu zilizokosa. Ukienda kulia unarukia mguu wa kushoto, ukienda kushoto unarukia wa kulia. Polepole kwanza, kwa kutembea.

c) Mitupo huru 50, ile unayopewa ukichezewa rafu. Mstari uko mita 4.6 kutoka ubao. Andika zilizoingia kwenye daftari, na tarehe. Piga kumi kumi katikati ya mbio ukiwa unahema, kwa sababu kwenye mechi hutapewa mtupo huru ukiwa umetulia.

d) Kulinda: dakika tano za kusogea pembeni umeshuka kiuno, bila kugusisha miguu. Inachosha na haipigiwi makofi. Lakini mchezaji mgeni mwenye umri mdogo huingizwa uwanjani kwa sababu anajua kulinda. Kufunga wapo wenzake wa kufunga.

Usianze kupiga kutoka nje ya mstari wa pointi tatu (mita 6.75 kutoka ringi) kabla mkono haujawa na nguvu. Utajifunza kurusha kutoka kifuani, na kulisahau pozi hilo baadaye huchukua mwaka.

4. Kula cha kwenu, na upime damu.

Huhitaji unga wa kwenye makopo. Dagaa wa Ziwa wana protini, madini ya chuma na kalsiamu. Sangara na sato unawajua. Asubuhi uji wa karanga, mchana ugali na maharage na mboga za majani, na kabla ya mazoezi matobolwa au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) mfukoni, ambayo kwa kweli inashinda biskuti yoyote. Kosa kubwa la mabinti ni kuja mazoezini saa kumi hawajala tangu asubuhi, halafu wanaambiwa wavivu.

Sasa jambo ambalo makocha wa kiume hawalitaji. Ukiwa unachoka kuliko wenzako, kichwa chepesi, moyo unakwenda mbio kwa mazoezi kidogo, nenda ukapime wingi wa damu. Hedhi nzito hupunguza madini ya chuma. Malaria hupunguza damu. Na huku kwetu kuna kichocho, ambacho pia huleta upungufu wa damu kimya kimya. Kinaingia kwenye ngozi ukiwa majini. Kwa hiyo ile tabia ya kutoka mazoezini na kwenda kujipoza ziwani, iache. Ukishakuwa na kichocho, dawa ipo, vituo vya afya wanaijua. Kinachotakiwa ni kwenda.

Hedhi ikikatika miezi mitatu na huna mimba, huenda unafanya mazoezi mengi na kula kidogo. Mwone daktari, mifupa yako inaumia bila wewe kujua.

5. Usiache shule. Narudia kwa ajili ya wale wanaoruka hatua hii.

Njia pana kuliko zote kwa binti asiye na fedha ni kusomeshwa na chuo cha Marekani kwa sababu ya kikapu, na chuo hakisajili kikapu peke yake. Kwa ngazi ya juu ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, wanadai masomo ya msingi 16: Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii, na wanayahesabu kwa miaka yako ya sekondari. Yaani hawatazami form four peke yake. F ya hisabati, ambayo wengi wetu tunaichukulia kama mafua, huko inafunga mlango.

Kama uko Bwiru, Nganza au bweni lolote, panga na matroni saa ya mazoezi ambayo haiibi saa ya kujisomea. Soma Kiingereza cha kuongea; kocha atakupigia simu ya video, na dakika kumi za "yes coach" hazitoshi.

6. Panga makaratasi sasa, kabla hujaitwa popote.

Hapa nina kidonda. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la babu, cheti cha form four kina jina la baba. Nilikuwa najua, nikasema nitarekebisha. Ilipokuja nafasi ya kwenda kujaribiwa nje ya nchi tulikuwa na wiki tatu. Wiki zote tatu niliziacha kwenye madirisha ya ofisi, kila dirisha likinielekeza dirisha jingine, na basi likaondoka na aliyekuwa akikaa benchi nyuma yangu. Sina kinyongo naye. Alikuwa na pasipoti.

Kwenye lile faili weka:

- cheti cha kuzaliwa cha RITA;
- vyeti na matokeo ya shule, tangu form one;
- kitambulisho cha NIDA ukifika miaka 18;
- pasipoti, iombe Uhamiaji mara tu unapoweza, usisubiri safari;
- barua ya ridhaa ya mzazi kama hujafika miaka 18;
- nakala za vyote, na picha zake kwenye simu ya mtu mzima wako.

Jina liandikwe herufi kwa herufi sawa kwenye kila karatasi. Likitofautiana, nenda kwa wakili ufanye hati ya kiapo mapema.

*Onyo:* usipunguze umri. Utashawishiwa, tena na watu wazima, ili ucheze ngazi ya chini. Tarehe moja kwenye mashindano na nyingine kwenye pasipoti zitakutana siku moja, na utaulizwa wewe, si yule aliyekushawishi.

7. Panda ngazi zinazoonekana.

UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, kwanza. Huko ndiko mkoa unakuona bila kulipa nauli. Kisha klabu na ligi ya mkoa, kisha Taifa Cup ambako mikoa hukutana, kisha ligi ya taifa, NBL. Usidhani ni lazima uhamie Dar: Fox Divas ni timu ya Mara, hapo jirani. Lakini ni kweli kwamba ushindani wa kila wiki uko kwenye ligi ya Dar es Salaam, BDL, zilipo timu kama JKT Stars na Vijana Queens. Ukiitwa huko, uliza mambo matatu kabla ya kupanda basi: nitalala wapi, nitasoma wapi, nani anamjibu mama yangu akipiga simu.

Tukiwa wakweli, kikapu cha wanawake Tanzania bado hakilipi mshahara wa kujengea nyumba. Faida yake ni ajira kwenye taasisi zenye timu, ada, na kuonekana.

8. Tengeneza video mbili.

Moja ya dakika tatu hadi nne, nyingine ya mechi nzima bila kukatwa. Kocha hufungua fupi. Akipenda, anaomba ndefu aone unafanyaje ukikosea.

Laza simu, usiisimamishe. Rekodi ukiwa juu kidogo, katikati ya uwanja, jua likiwa nyuma ya kamera. Weka mwanzoni jina, namba ya jezi, mwaka wa kuzaliwa, urefu bila viatu, nafasi unayocheza, mwaka unaomaliza shule. Kisha vitendo: kulinda, pasi, ribaundi (kudaka mpira uliokosa ringi), leyapu za mikono yote miwili, mitupo. Usiweke muziki. Usidanganye urefu, watakupima mlangoni.

Tuma barua pepe kwa makocha mmoja mmoja, kwa Kiingereza chako mwenyewe, mistari sita tu. Tuma 50, tarajia majibu matatu. Usitume tu kwa vyuo vinavyoonekana kwenye televisheni: kuna NCAA za ngazi za chini, kuna NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, kuna vyuo vya miaka miwili vya NJCAA, na wapo waliopitia huko wakapanda.

9. Jua milango mingine.

Kenya kuna KPA ya Mombasa na Equity ya Nairobi. Uganda kuna JKL Lady Dolphins na KCCA Leopards. Rwanda kuna REG na APR. Ni jirani, unaweza kwenda kwa basi, na timu za huko zinazotwaa ubingwa hushindana na klabu za Afrika nzima, ambako mawakala wa Ulaya hutazama.

Ulaya msimu huanza takriban Oktoba na kuisha masika. WNBA huanza Mei. Ndiyo maana wachezaji wengi wakubwa wamekuwa wakicheza kote kuwili: mwaka 2024 aliyechaguliwa namba moja WNBA, Caitlin Clark, mshahara wake wa ligi wa msimu wa kwanza ulikuwa dola 76,535, na kwa miaka mingi klabu za Uturuki, Urusi na China zimewalipa nyota zaidi ya hapo. Kwa mchezaji wa kimataifa ambaye hakuchezea chuo cha Marekani, unaweza kuchaguliwa WNBA mwaka unaotimiza miaka 20.

Chini ya miaka 18, kanuni za FIBA hazikuruhusu kuhamia klabu ya nchi nyingine kwa sababu ya kikapu, isipokuwa kwa hali maalumu. Anayekuambia "twende tu, tutarekebisha huko" anakupeleka pabaya. Baada ya hapo, uhamisho wowote wa nje unahitaji barua ya kuruhusiwa kutoka TBF, shirikisho letu.

10. Soma mkataba hadi mstari wa mwisho.

Tazama: fedha gani na tarehe gani ya kila mwezi, nyumba ni yako au mnalala wangapi, tiketi ya kwenda NA ya kurudi, bima ya afya, mshahara ukiumia, nani anamlipa wakala. Wakala awe na leseni ya FIBA, na makato yake kwa kanuni zao hayazidi asilimia 10 ya mshahara. Hakikisha kuna kipengele kinachopeleka mgogoro kwenye baraza la usuluhishi la kikapu, BAT, lililoko Uswisi. Bila hicho, klabu isipokulipa utaenda kushtaki kwenye mahakama ya nchi usiyojua lugha yake.

Matapeli wana dalili moja isiyokosea: wanataka fedha yako kwanza. "Ada ya usajili." "Ya viza." "Ya kushika nafasi." Wengine wanaomba pasipoti wakae nayo, au wanataka picha zako za mavazi ambayo hata kocha wako hajawahi kukuona nayo. Zima simu, mwambie mtu mzima wako. Kabla ya kuamini klabu, tafuta mchezaji aliyewahi kuichezea umwandikie. Wachezaji huambiana ukweli.

Na usibebe mzigo wa mtu. Hata nyota hushikwa na sheria za ugenini: Brittney Griner alikaa kizuizini Urusi karibu miezi kumi mwaka 2022 kwa kilichokutwa kwenye begi lake mwenyewe.

Ukikwama

*"Mimi mfupi."* Crystal Dangerfield ana futi 5 na inchi 5. Alichaguliwa namba 16 mwaka 2020, na msimu ulipoisha akawa chipukizi bora wa WNBA. Mfupi acheze pointi gadi, yule anayeleta mpira na kupanga mchezo, mkono wa kushoto uwe kama wa kulia, na rudi hatua ya 3.

*"Nimetegua kifundo."* Acha kucheza. Barafu omba kwa wauza samaki wa Mwaloni, iweke kwenye mfuko, zungushia kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Inua mguu. Usikandwe kwa maji ya moto siku ya kwanza wala kuchuliwa na mtaalamu wa mtaani. Ukishindwa kukanyaga hatua nne, nenda Sekou Toure au Bugando wakapige picha.

*"Goti lililia 'pa' na likavimba siku hiyo hiyo."* Usisubiri wiki. Hospitali.

*"Baba hataki."* Usimwombe uwanjani mbele ya watu. Mpeleke mwalimu au kocha mwenye heshima nyumbani, akiwa na matokeo yako ya shule mkononi. Mara nyingi baba anaogopa mambo mawili, kurudi usiku na mimba, ila hayataji. Mwambie saa ya kumaliza mazoezi na nani mnarudi naye, kisha ufuate ulichosema.

*"Kocha ananitaka nibaki naye peke yangu baada ya mazoezi."* Usibaki. Mwambie mtu mzima wako siku hiyo hiyo. Hakuna nafasi ya timu yenye bei hiyo.

*"Nimetuma barua pepe 50, kimya."* Angalia kiungo cha video kama kinafunguka kwenye simu ya mtu mwingine. Asilimia kubwa ya kimya nilichokiona kilikuwa hapo. Kikifunguka, rekodi upya baada ya miezi mitatu, tuma tena.

*"Mvua ya masika, zege linateleza."* Ingia chini ya paa lolote, dunda mipira miwili kwa pamoja ukiwa umekaa kwenye kiti, fanya mazoezi ya kutua. Usicheze mechi kwenye maji. Nimesema goti ni ghali.

*"Nina miaka 22, nimechelewa?"* Kwa chuo cha Marekani, milango mingi imeshaanza kufungwa. Kwa klabu za Afrika Mashariki, hapana. Na kama mwili umekataa, wanawake wanaopuliza filimbi ni wachache mno huku, kozi za urefa zikitangazwa jiandikishe. Refa naye hupanda hadi ngazi ya FIBA na hulipwa kwa kila mechi.

*"Sina mpira."* Njoo jioni, tutakuazima. Mwenye wake aje umeshajazwa upepo, pampu yetu imekatika sindano.